Wiki Nane za Kuifundisha Mashine Kujibu Maswali: Tathmini ya Kozi ya Mtandaoni

Kwa wiki nane mfululizo nimesoma kozi ya mtandaoni inayofundisha kujenga mifumo ya kujibu maswali kwa kutumia uchakataji wa lugha asilia, yaani kuifanya kompyuta ishughulikie lugha za watu, na ujifunzaji wa kina, yaani mitandao ya hesabu yenye tabaka nyingi inayojifunza kutokana na mifano. Nimetazama video zote, nimefanya mazoezi yote, nimekamilisha mradi wa mwisho na kupokea cheti. Jina la waandaaji sitalitaja, kwa kuwa sehemu ya tathmini hii ni malalamiko yangu binafsi, na kwa kuwa kasoro ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote si yao peke yao. Nimeikuta katika mafunzo mengine ya fani hii. Nitaitaja mapema ili msomaji aende nayo hadi mwisho: kozi inafundisha vizuri sana namna ya kuifanya mashine ipate jibu, lakini haifundishi, ila kwa kugusagusa tu, namna ya kuifanya itambue kwamba jibu halipo.

Kozi inamtaka mwanafunzi awe anaijua lugha ya programu ya Python kwa kiwango cha kuandika funksheni na kusoma faili, na awe hajasahau hesabu za matriki na za uwezekano. Sharti hilo ni la haki na limeelezwa wazi kabla ya kujiandikisha. Kila wiki ina video fupi zisizozidi kumi na zoezi moja la msimbo linalosahihishwa na mashine. Hakuna haja ya kuwa na kompyuta yenye kadi ya michoro, kwa sababu mazoezi yote yanaendeshwa kwenye seva za kozi kupitia kivinjari. Seva hizo hujizima zikikaa kitambo bila kuguswa, na modeli, yaani programu iliyojifunza kutokana na data, ambayo haijahifadhiwa hupotea pamoja na saa zote zilizotumika kuifunza. Onyo kuhusu jambo hilo limeandikwa mwishoni mwa maelekezo ya wiki ya tatu, mahali ambapo mtu hulisoma akiwa ameshapata hasara.

Wiki ya kwanza ni ya historia, na nilikuwa nimekusudia kuiruka. Nashukuru sikufanya hivyo. Mwalimu anaanza na BASEBALL, mfumo wa mwaka 1961 uliojibu maswali kuhusu michezo ya besiboli ya Marekani, kisha anakwenda kwenye LUNAR, uliojengwa na William Woods na wenzake mwanzoni mwa miaka ya 1970 ili wanajiolojia waweze kuuliza, kwa Kiingereza cha kawaida, kuhusu mawe yaliyoletwa na safari za Apollo kutoka mwezini. Mifumo yote miwili ilikuwa na hazina ndogo ya data iliyopangwa na sarufi iliyoandikwa kwa mkono, na kwa hiyo ilijua mipaka yake kwa namna moja rahisi: swali lisilotafsirika katika sarufi ile lilikwama mlangoni. Kutoka hapo tunafika Februari 2011, wakati Watson, mfumo wa kompyuta wa IBM, ilipowashinda mabingwa Ken Jennings na Brad Rutter katika mchezo wa maswali wa televisheni, Jeopardy!. Mwalimu anatumia dakika kadhaa nzuri sana kueleza kwamba Watson haikutafuta majibu tu. Ilikadiria pia imani yake kwa kila jibu, na pale imani hiyo ilipokuwa chini ya kizingiti, haikubonyeza kitufe cha kuomba kujibu. Katika mchezo ambamo jibu baya humpunguzia mtu alama, kujua wakati wa kukaa kimya kulikuwa sehemu ya ushindi. Niliandika jambo hilo kwenye daftari langu na kulipigia mstari, nikitarajia kwamba litarudi wiki za mbele. Halikurudi.

Wiki ya pili inapita haraka, nami nitaipitia haraka. Inaeleza jinsi neno linavyogeuzwa kuwa vekta, yaani safu ya namba, kuanzia mbinu ya word2vec ya mwaka 2013, kupitia mitandao inayosoma matini neno baada ya neno, hadi usanifu wa Transfoma wa mwaka 2017 ambao huyatazama maneno yote kwa pamoja na kupima ni neno gani lizingatie lipi. Aliyewahi kusoma kitabu chochote cha utangulizi wa fani hii hatapata jipya, ila michoro yake ni safi na inaeleweka.

Moyo wa kozi uko katika wiki ya tatu na ya nne, na hapo sifa zangu ni za dhati. Modeli inayotumika ni BERT, iliyotolewa na watafiti wa Google mwaka 2018, kwa ukubwa wake mdogo wenye vigezo milioni 110, yaani namba ambazo modeli huzirekebisha inapojifunza. Data ya mafunzo ni SQuAD, mkusanyo wa Chuo Kikuu cha Stanford wa mwaka 2016 wenye maswali zaidi ya 100,000 yaliyoandikwa kutokana na aya za makala za Wikipedia. Kazi ya modeli hapa si kutunga jibu bali ni kulionyesha lilipo ndani ya aya: swali na aya huunganishwa kuwa mfuatano mmoja wa tokeni, yaani maneno au vipande vya maneno, modeli huupitia mfuatano huo, kisha tabaka dogo la juu hutoa alama mbili kwa kila tokeni, ya kwanza ikipima uwezekano wa tokeni hiyo kuwa mwanzo wa jibu na ya pili ikipima uwezekano wa kuwa mwisho wake. Jozi yenye jumla kubwa kuliko zote, ilimradi mwisho usitangulie mwanzo, ndiyo jibu. Mwalimu haachi maelezo hayo hewani. Anachapisha alama za kila tokeni kwenye skrini, anaonyesha jinsi zinavyopanda juu ya maneno mawili matatu na kushuka kwingineko, kisha anaibadilisha aya kidogo na kuonyesha jinsi mlima ule unavyohama. Mimi niliyekuwa nikitumia modeli hizi kwa miezi bila kuelewa kilichokuwa kikitendeka ndani yake, nilielewa kwa robo saa.

Somo la matini ndefu nalo limefundishwa kwa uangalifu ambao sijaukuta kwingine. BERT haiwezi kusoma zaidi ya tokeni 512 kwa mara moja, kwa hiyo hati ndefu hukatwa madirisha yanayopishana. Kozi inatumia madirisha ya tokeni 384 yenye hatua ya tokeni 128, yaani kila dirisha huanza tokeni 128 baada ya mwanzo wa lililotangulia, kama walivyofanya watengenezaji wenyewe. Ugumu wake uko katika mambo madogo: jibu linaweza kukatwa katikati na ukingo wa dirisha, dirisha moja linaweza kuwa na jibu na la jirani lisiwe nalo, na nafasi za tokeni lazima zirudishwe kuwa nafasi za herufi katika matini ya awali bila kupotea hata moja. Zoezi la wiki ya nne linamfanya mwanafunzi aandike hesabu hiyo yote mwenyewe badala ya kuita funksheni iliyo tayari. Lilinichukua jioni tatu. Nisingependa liondolewe.

Sasa nieleze kilichonitokea katika wiki hiyohiyo ya nne, kwa sababu ndicho kilichoubadili mtazamo wangu juu ya kozi nzima. Kwa kuwa LUNAR ilikuwa imenikaa akilini, niliandika kwa Kiswahili aya kadhaa kuhusu safari ya Apollo 11: jinsi ilivyorushwa tarehe 16 Julai 1969, jinsi Neil Armstrong na Buzz Aldrin walivyotua tarehe 20 huku Michael Collins akibaki katika chombo kilichoendelea kuuzunguka mwezi, jinsi walivyokusanya mawe na udongo wenye uzito wa kilo 21.5, na jinsi walivyorejea duniani tarehe 24. Nilichukua modeli ya lugha nyingi, nikainoa, yaani nikaifunza zaidi kwa mifano ya maswali na majibu, kwa utaratibu uleule wa kozi, nikaanza kuiuliza. "Nani alibaki akiuzunguka mwezi?" Michael Collins. "Walikusanya kilo ngapi za mawe na udongo?" 21.5. Nilifurahi kama mtu aliyepanda mbegu na kuona imechipua.

Kisha nikauliza: "Nani alikuwa mwanamke wa kwanza kukanyaga mwezi?" Hakuna mwanamke aliyewahi kukanyaga mwezi, na aya zangu hazikusema lolote kuhusu mwanamke yeyote. Mfumo ukajibu "Neil Armstrong", na alama ya imani iliyoandikwa pembeni ilikuwa juu kuliko ile ya jibu sahihi kuhusu Collins. Nilirudia swali kwa maneno mengine, nikapata jibu lilelile. Niliuliza jina la mwanaanga wa nne wa safari hiyo, ambayo ilikuwa na wanaanga watatu tu, nikapewa Aldrin.

Ukielewa somo la wiki ya tatu, unaelewa pia kwa nini hali ikawa hivyo, na hapo ndipo uchungu wangu ulipo: kozi ilikuwa imenipa kila kitu nilichohitaji ili kulitambua tatizo, ila tatizo lenyewe haikulitaja katika masomo yake ya lazima. Alama za tokeni zinapogeuzwa kuwa uwezekano, jumla yake hulazimishwa kuwa moja ndani ya aya iliyopo. Modeli haiulizwi kama jibu lipo; inaulizwa, ikiwa jibu lipo, liko wapi. Kwa hiyo hata swali lisilo na jibu hugawiwa uwezekano wote, na kipande kinachofanana zaidi na swali huuchukua karibu wote. Aya yangu ilikuwa na maneno "mtu wa kwanza kukanyaga mwezi", swali lilikuwa na maneno "mwanamke wa kwanza kukanyaga mwezi", na modeli ilifanya hesabu iliyofunzwa kufanya. Imani ile ya juu ilimaanisha tu kwamba hakukuwa na kipande kingine kinachoshindana nacho.

Dawa ya tatizo hili inajulikana, na imo katika machapisho yaleyale ambayo kozi imejengwa juu yake. Mwaka 2018 wenye SQuAD walitoa toleo la pili, wakaongeza maswali zaidi ya 50,000 yasiyo na jibu, yaliyotungwa na watu kwa makusudi ili yafanane na yale yenye majibu. BERT nayo, ilipopimwa kwa toleo hilo, ilitumia tokeni maalumu inayokaa mwanzoni mwa kila mfuatano kama mahali pa kuonyesha kwamba jibu halipo: alama ya mahali hapo hulinganishwa na alama ya kipande bora, na kama kipande hakiizidi kwa kiasi cha kizingiti kilichochaguliwa kwa data iliyotengwa kwa kazi hiyo, si ile ya upimaji wa mwisho, mfumo hunyamaza. Msimbo wake hauzidi mistari michache. Katika kozi ya wiki nane, jambo hili lina video moja isiyofika dakika nne, iliyowekwa miongoni mwa nyenzo za hiari.

Nilidhani basi kwamba wiki ya tano, ambayo ni ya upimaji, italifidia pengo hilo. Sehemu yake ya kwanza ni nzuri. Inafundisha vipimo viwili vya kawaida, yaani ulinganifu kamili, unaomtaka mjibuji arudishe jibu lilelile bila tofauti, na F1, inayohesabu maneno yaliyolingana na kuyapima dhidi ya urefu wa majibu yote mawili. Tofauti kati yake inaonekana haraka kwa mfano. Jibu la mfano likiwa "tarehe 24 Julai 1969" na mfumo ukajibu "24 Julai", ulinganifu kamili ni sifuri, ilhali maneno yote mawili ya mfumo yamo katika manne ya jibu la mfano, na F1 inakuwa takribani 67 kwa mia. Binadamu yeyote angesema jibu ni sahihi. Mwalimu anaeleza pia utafiti wa Robin Jia na Percy Liang wa mwaka 2017, ambao waliongeza sentensi moja ya kupotosha mwishoni mwa aya, sentensi isiyobadili jibu hata kidogo, na wastani wa F1 wa modeli kumi na sita ukaporomoka kutoka 75 hadi 36. Nilisimamisha video ili nizitazame namba hizo tena. Ni somo zito, nalo limefundishwa kwa uzito wake.

Lakini zoezi la wiki hiyo ndilo lililonikwaza. Tuliagizwa kuwasilisha mfumo bora tuwezao kuujenga, nao ungepimwa kwa seti ya maswali tusiyoyaona. Mimi, nikiwa bado na lile jibu la Armstrong kichwani, niliunoa mfumo wangu kwa maswali yasiyo na jibu na kuuwekea kizingiti, kiasi kwamba ulikataa kujibu pale ulipokosa ushahidi wa kutosha. Nilipata alama pungufu kuliko nilizopata wiki ya nne kwa mfumo usiokataa swali lolote. Kila swali katika seti ile ya siri lilikuwa na jibu, na kila mara mfumo wangu ulipositasita ulihesabiwa umekosa, sawasawa na mfumo uliotaja jina la mtu asiyehusika. Niliandika kwa wahudumu wa kozi, nikaambatanisha mifano na kueleza hoja yangu kwa heshima. Jibu lilikuja baada ya siku tisa: utaratibu wa kusahihisha hauwezi kubadilishwa, na kwa ajili ya zoezi hili nilishauriwa kuondoa kizingiti. Nilikiondoa, alama zikapanda, nami nikasonga mbele wiki ya sita bila furaha. Sidai alama. Ninachosikitikia ni kwamba mamia ya watu wanaojifunza ufundi huu wanazoezwa, kwa tuzo na kwa adhabu, kujenga mifumo inayojibu hata isipojua, halafu mifumo hiyohiyo itawekwa mbele ya mtu anayeuliza kuhusu dawa, mkataba au mashine yenye umeme.

Kuna jambo jingine linalomhusu hasa msomaji wa Kiswahili, na kozi haina neno juu yake. Mifano yote ni ya Kiingereza, na wanafunzi wanaambiwa kwamba utaratibu ni uleule kwa lugha yoyote. Kwa kiasi fulani ni kweli. BERT ya lugha nyingi ilifunzwa kwa lugha 104, Kiswahili kikiwemo, na XLM-R, modeli nyingine ya lugha nyingi iliyofuata, ilifunzwa kwa lugha 100, Kiswahili kikiwemo tena, kwa msamiati wa vipande 250,000 ambao lugha zote hizo zinagawana. Ni mgawanyo huo unaotuumiza. Neno "hawakutusubiri" lina ukanushi, nafsi ya mtenda, wakati, nafsi ya mtendwa na mzizi, vyote katika neno moja. Msamiati unaotokana na takwimu za lugha nyingi, ambamo Kiswahili kina sehemu ndogo, hauna sababu ya kulikata neno hilo pale ambapo sarufi yetu ingelikata. Katika aya zangu niliandika kwamba Collins hakushuka mwezini. Nilipouliza "Nani hakushuka mwezini?" mfumo ulijibu "Armstrong na Aldrin", yaani wale walioshuka. Kiingereza huweka ukanushi katika neno lake lenyewe, ambalo modeli imeliona mara nyingi mno. Ukanushi wetu umejificha mwanzoni mwa kitenzi, katika silabi moja au mbili. Nilipoongeza mifano ya vitenzi vilivyokanushwa katika data ya kunoa, hali iliboreka kwa kiasi cha kuonekana.

Hata kipimo chenyewe kinahitaji kurekebishwa. Programu ya kawaida ya kupima SQuAD, kabla ya kulinganisha majibu, hufuta alama za uandishi na vibainishi vya Kiingereza ("a", "an" na "the") ambavyo Kiswahili hakina. Lugha yetu ina mambo mengine ya kusawazisha: "mwaka wa 1969" na "1969", "kilo 21.5" na "21.5", "na Collins" na "Collins". Niliandika orodha fupi ya kanuni kama hizo, na majibu kadhaa yaliyokuwa yamehesabiwa makosa yakawa sahihi bila modeli kuguswa.

Na data ipo, ndiyo maana ukimya wa kozi unasikitisha. TyDi QA, iliyotolewa na watafiti wa Google mwaka 2020, ina lugha 11, Kiswahili kikiwa mojawapo, na imetengenezwa kwa njia ambayo ingefaa kuwa somo zima. Katika SQuAD mwandishi wa swali aliisoma aya kwanza kisha akauliza, kwa hiyo maneno yake hufanana na ya aya. Katika TyDi QA mtu aliuliza jambo ambalo jibu lake hakulijua, na makala ikatafutwa baadaye. Maswali mengi, kwa sababu hiyo, yalikosa jibu katika makala iliyopatikana, kama inavyomtokea kila mtu anayetafuta jambo kwa dhati. Ipo pia KenSwQuAD, iliyojengwa na watafiti wa Kenya juu ya matini za Kiswahili zenyewe, yenye jozi 7,526 za maswali na majibu. Hizo mbili, kama zingetajwa katika ukurasa mmoja wa nyenzo za ziada, zingeniokolea siku nyingi.

Wiki ya sita inahusu uopoaji, yaani kuitafuta aya inayofaa kabla ya kulitafuta jibu ndani yake, na ni wiki iliyobanwa mno. Inalinganisha BM25, mbinu kongwe inayopima maneno yanayolingana kwa kuzingatia uhaba wake, na DPR ya mwaka 2020, ambamo enkoda moja, yaani modeli ya kusoma matini, hugeuza swali kuwa vekta na nyingine hugeuza aya kuwa vekta, kisha zilizo karibu huopolewa. Tunaambiwa kwamba DPR, ikitafuta katika aya milioni 21 za Wikipedia, iliizidi mbinu ya maneno kwa pointi 9 hadi 19 katika kupata aya sahihi miongoni mwa 20 za kwanza. Nilijaribu zote mbili kwa Kiswahili, na tatizo la mbinu ya maneno lilijitokeza mara moja: kwake, "alitua", "walitua", "kilipotua" na "kutua" ni maneno manne yasiyo na undugu. Kukata viambishi kabla ya kuhifadhi maneno kulisaidia sana, na kwa hati chache nilizokuwa nazo mbinu kongwe iliyotengenezwa hivyo ilitosha. Kozi ingeweza kumwambia mwanafunzi kwamba mara nyingi hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu aya isipoopolewa, modeli inayoisoma, hata iwe hodari namna gani, haitalipata jibu. Na kwa sababu aya isiyohusika ikiopolewa, tunarudi palepale kwenye Armstrong.

Kuhusu wiki ya saba sina mengi. Inafundisha mifumo inayotunga jibu kwa maneno yake baada ya kuopoa aya, kwa utaratibu uliopewa jina la RAG mwaka 2020, na inafanya hivyo kwa kuita huduma iliyo tayari bila kufungua ndani yake. Majibu yanavutia kusoma. Zoezi linamtaka mwanafunzi aoneshe chanzo chini ya kila jibu, jambo jema, lakini halimtaki ahakikishe kwamba chanzo kinasema kilichosemwa. Nilikuta majibu mawili yangu yenye chanzo sahihi na dai ambalo halimo katika chanzo hicho, na zoezi lilinipa alama zote.

Mradi wa wiki ya nane ni huru, na msahihishaji ni binadamu. Hapo kozi ilijirudishia heshima kubwa machoni pangu. Niliwasilisha mfumo wa Kiswahili juu ya aya za Apollo, ukiwa na kizingiti, na ripoti yenye jedwali mbili: moja ya maswali yenye jibu, nyingine ya yasiyo na jibu, kila moja ikipimwa peke yake. Msahihishaji aliusoma kweli. Aliniuliza kizingiti nilikichagua kwa data ipi, akagundua kwamba maswali machache ya kuchagulia nilikuwa nimeyatumia pia kupimia, akanitaka nitenganishe na kurudia. Alikuwa na haki, na matokeo yangu ya pili yalikuwa ya chini kidogo na ya kweli zaidi. Sijui kwa nini mtu mwenye jicho kama hilo hakushirikishwa katika kutunga zoezi la wiki ya tano.

Anayetaka kuelewa kwa mikono yake jinsi modeli inavyosoma aya na kuonyesha jibu, ningemwambia ajiandikishe, kwa ajili ya wiki ya tatu na ya nne peke yake. Anayetaka kuweka mfumo mbele ya watu kesho yake asitegemee kozi hii bila kuongeza kazi yake mwenyewe. Na yeyote atakayeianza, namsihi jambo moja ambalo nililifanya kwa kuchelewa: kabla ya kufungua video ya kwanza ya wiki ya tatu, aandike maswali hamsini kuhusu matini yake mwenyewe ambayo matini hiyo haiyajibu, ayahifadhi katika faili la peke yake, na asiyaguse mpaka mfumo uwe umesimama. Akiyaandika baadaye, kama nilivyofanya mimi, atakuwa ameshajua modeli hujikwaa wapi, na bila kukusudia atayatunga maswali kuifuata modeli ilivyo badala ya kuwafuata watu wanavyouliza.